Mume Wangu Alipokuwa Karani Wangu

Siku ya kwanza ofisini, mume wangu alikaa kwenye kiti changu. Sikumlaumu wakati huo, na simlaumu hata sasa. Chumba kilikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa kubwa, ya mvule, yenye simu na taipureta. Nyingine ilikuwa ndogo, imesukumwa hadi chini ya dirisha. Mwanamume wa umri wake, aliyestaafu akiwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mabati, akiingia chumba kama hicho pamoja na mkewe, miguu humpeleka kwenye meza kubwa bila yeye kufikiri.

Msimamizi wa Misheni, yaani mkubwa wetu, alikuwa mzungu mrefu kutoka Kanada, mwalimu wa kilimo aliyekuwa amestaafu kwao. Alisimama mlangoni akakohoa kidogo.

"Mzee Kisia," alisema kwa kile Kiswahili chake cha polepole, "hiyo ni ya Mama. Mama ni Katibu wa Misheni. Wewe ni Karani wa Nyumba na Vifaa. Utafanya kazi chini yake."

Zakaria, mume wangu, aliinuka. Alikivuta kiti nyuma ili nipite, kama mtu anayempisha mgeni, akaenda kukaa dirishani. Jioni tulirudi nyumbani Donholm, na chakula nilichopika alikisifu kwa adabu, jambo ambalo hakuwa na mazoea ya kulifanya. Hapo nikajua ameumia.

Niwaeleze ninyi vijana jinsi tulivyofika pale. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa kisha sekretari katika ofisi za baraza la jiji tangu nikiwa msichana niliyetoka Maragoli na cheti changu ndani ya bahasha. Zakaria, wa kijiji jirani, alikuwa kiwandani, Eneo la Viwanda. Tulilea watoto wetu Makadara, tukanunua nyumba ndogo Donholm, na tulipostaafu tukawa tunaamka mapema bila kuwa na pa kwenda. Rhoda, kifungua mimba wetu, alikuwa ameolewa Nakuru, na wenzake walikuwa wamekwisha kutoka nyumbani. Ndipo kanisa letu likatuomba tujitolee miaka michache katika ofisi ya misheni iliyokuwa Buruburu, katika nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, bafu likawa stoo ya karatasi. Walitafuta wanandoa waliokwisha kumaliza kulea, walio na afya, na angalau mmoja wao awe anaijua kazi ya ofisi. Huyo mmoja nilikuwa mimi. Zakaria alidhani ni yeye.

Misheni yenyewe ilikuwa hivi. Vijana wa kanisa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walijitolea kufanya kazi kwa miaka miwili, mbali na kwao. Waliishi wawili wawili katika nyumba za kupanga, wakafundisha Biblia, wakawasaidia wagonjwa na wajane, wakachimba na kujenga inapohitajika. Wengi walikuwa huku kwetu Eastlands: Umoja, Kayole, Pumwani, Mathare. Kila baada ya wiki kadhaa Msimamizi aliwahamisha baadhi yao na kuwabadilishia wenzi, na siku hiyo tuliiita siku ya uhamisho. Ofisi ndiyo iliyowaweka hai. Sisi tuliwatafutia nyumba, vitanda, neti na majiko. Tulipokea barua za wazazi wao na kuwapelekea. Tulishughulikia vibali vyao vya kukaa nchini. Walipougua tulijua kabla ya mama zao.

Kazi yangu niliifahamu. Msimamizi alisema, mimi nikaandika kwa hatimkato, ile mikwaruzo ya haraka ambayo Zakaria aliiita mwandiko wa kuku, kisha nikaipiga taipu, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Barua ya kwenda kwa wote niliipiga kwenye stensili, karatasi laini yenye nta inayotobolewa na herufi, tukaizungusha kwenye mashine ya kurudufu hadi vidole vikawa vyeusi. Nilikuwa na faili la vikumbusho: mafungu thelathini na moja, moja kwa kila tarehe. Kibali cha fulani kikiisha tarehe kumi na mbili, karatasi yake unaiweka fungu la tarehe mbili, ili ikukute ungali na nafasi. Sekretari mzuri si yule mwenye kumbukumbu kubwa. Ni yule asiyeitegemea.

Zakaria aliipenda sehemu ya nyumba. Alijua kutazama paa na kusema litavuja wapi, alijua kuongea na wenye nyumba, na kitasa kikiharibika alikitengeneza mwenyewe. Lakini karatasi zilimshinda. Mwezi wa kwanza nilimpa kazi ya kupanga mafaili ya wamisionari wote kwa alfabeti. Niliporudi kutoka posta nilikuta ameyapanga kwa nyumba wanazoishi, na ndani ya kila nyumba aliyetangulia kufika akawa juu.

Nilimuuliza nitalipataje faili la mtu ambaye sijui anaishi wapi. Akasema mkuu wa ofisi anapaswa kujua watu wake wanaishi wapi. Nikamjibu kwa ile sauti niliyokuwa nikiwajibu nayo wasichana waliokuwa chini yangu pale baraza la jiji. Sauti hiyo hakuwa amewahi kuisikia. Alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta viti vya watu wengine.

Ubaya wa kufanya kazi na mumeo ni kwamba hakuna wa kumsimulia jioni mambo ya ofisini. Zamani ningemwambia Zakaria, "Leo kuna karani amenijibu vibaya." Sasa karani ndiye huyo anayekata mkate. Tuliendelea hivyo mpaka Jumapili moja, tukitoka kanisani, akaniambia amefikiri. Ofisini ataniita Katibu na atafanya ninavyosema, kwa sababu kiwandani naye hakupenda mtu aliyebishana mbele ya zamu. Lakini tukivuka Outer Ring Road kurudi Donholm, ofisi imefungwa, wala sitamwuliza habari ya faili mbele ya ugali. Nikakubali. Nikaongeza la kwangu: kwamba yale mafaili atayapanga upya kwa alfabeti. Akacheka, na Jumatatu akayapanga.

Kuanzia hapo siku zikawa nzuri. Asubuhi tulitembea pamoja, yeye na mfuko wake wa vifaa, mimi na chai kwenye chupa. Tulifungua madirisha, tukasali kwa ufupi, nikasoma karatasi za fungu la siku. Saa nne tulikunywa chai. Vijana waliopita ofisini kuchukua barua zao walijua kwamba saa nne kuna mkate pia, na sikuwahi kuona barua zikichukuliwa kwa wingi saa nyingine. Mara kwa mara niliinua macho nikamwona mume wangu dirishani amevaa miwani, akinakili anwani kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la pili, ulimi umetokeza kidogo. Nilikuwa nimezaa naye watoto wanne na sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi.

Msimamizi wa kwanza alimaliza muda wake akarudi Kanada. Aliyemfuata alikuwa Mganda, mfupi, nadhifu, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni kwa muda mrefu. Yeye alikuwa mtu wa utaratibu. Barua yenye kosa moja aliirudisha, kosa limezungushiwa duara la wino mwekundu. Wengine walimwogopa. Mimi nilimpenda, kwa sababu kwa mkubwa kama huyo unajua umesimama wapi. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: mmisionari haondoki eneo lake la kazi bila ruhusa iliyotiwa saini na Msimamizi. Alituambia sababu yake. Shuleni kwake aliwahi kumruhusu mwanafunzi kwenda nyumbani kwa maneno ya mdomo tu, na kijana huyo hakufika.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka kuwaeleza.

Miongoni mwa vijana wetu kulikuwa na mmoja kutoka Kyela, kusini kabisa mwa Tanzania, aliyeitwa Ambakisye. Alifanya kazi Mathare na mwenzake Mluhya. Tulimpenda kwa sababu ya salamu zake. Hapa Nairobi vijana wanakuambia "sasa" au "niaje" na kupita. Huyu aliinama kidogo akasema, "Shikamoo baba, shikamoo mama," hata kama mmeonana jana. Zakaria alikuwa akiacha kazi aliyoishika ili aitikie marahaba vizuri. Tulijua pia kwamba baba yake hakupenda aje. Alimtaka shambani, kwenye mpunga, na alimwambia akiondoka asihesabu kwamba ana kwao. Mama yake ndiye aliyempa baraka.

Jumanne moja asubuhi simu ililia. Alikuwa mchungaji wetu wa Mbeya, na laini ilikuwa ikikatika. Alisema mama yake Ambakisye ameanguka shambani na kufariki hospitalini. Mwili umehifadhiwa, na ukoo umekubali kungoja hadi Jumamosi, si zaidi.

Niliweka simu chini. Msimamizi alikuwa safarini magharibi mwa nchi kuwatembelea vijana wa Kisumu na Kitale, na angerudi Ijumaa. Nilipiga simu Kisumu, wakasema ameshaondoka, wakaahidi kumtafuta. Nikamwambia Zakaria kwamba nadhani tumwite kijana ofisini tumwambie mama yake ni mgonjwa sana, ajiandae.

Zakaria alivua miwani. "Usimwambie ni mgonjwa," alisema. "Ukimwambia ni mgonjwa atatumaini. Halafu itabidi mtu mwingine amuulie mama yake mara ya pili."

Nilimwuliza amejuaje mambo haya.

Akaniambia huku akifunga mfuko wake. Kiwandani, mtu akiumia vibaya au akifa, ilibidi aende mtu kwa mkewe. Wakubwa hawakujua Kiswahili cha kutosha, au hawakujua njia za Mathare na Majengo ya Pumwani. Basi walimtuma yeye. Mara ya kwanza alikosea, akamwambia mwanamke mmoja kwamba mumewe yuko hospitali, na mwanamke akaanza kupika uji wa kumpelekea. Alisimama pale akimtazama akikoroga uji. Tangu siku hiyo hakukosea tena.

Sikujua hata moja kati ya hayo. Nilikumbuka tu kwamba miaka ile kulikuwa na jioni ambazo angeingia nyumbani, aombe maji, akae akitazama ukuta, na mimi ningewaambia watoto, "Mwacheni baba yenu, leo ameamka na hasira zake." Nilikuwa nimeishi na mtu huyu umri wote huo nikidhani ana hasira.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa na watoto wanne na kazi ya mjini. Nikuletee na wafu?"

Tulifunga ofisi mchana wa siku ya kazi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya maishani, tukashuka Mathare. Nyumba ya vijana ilikuwa na kufuli. Dada mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi kando ya njia alituona tukisimamasimama. "Mzae, mnatafuta wale maboi wa kanisa?" aliuliza. "Wako hapo chini kwa river, wanachimbia Mama Achieng mtaro." Zakaria akamshukuru, tukateremka tukishikana mikono kwa sababu njia iliteleza.

Tuliwakuta wamevua mashati, majembe mikononi, wanaelekeza maji ya mvua yasiingie nyumbani kwa Mama Achieng, aliyekuwa mjane. Ambakisye alipotuona aliweka jembe chini, akafuta mikono kwenye suruali, akasema shikamoo. Zakaria aliitikia marahaba. Kisha akamwomba Mama Achieng atupe nafasi ndani ya nyumba yake na maji ya kunywa. Yule mama alitutazama mara moja, akaelewa, akatoka nje na yule kijana mwenzake.

Zakaria alimketisha Ambakisye kitandani akakaa kando yake, si mbele yake. Akamshika kifundo cha mkono.

"Mwanangu," alisema, "tumepigiwa simu kutoka kwenu. Mama yako amefariki."

Hakuongeza neno. Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari, ya faraja na ya Maandiko, na nilipofungua kinywa Zakaria alinitazama nikakifunga. Kijana alisema hapana. Akasema alimwandikia wiki iliyopita. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, na mume wangu akainama naye, mkono haujaachia. Walikaa hivyo muda mrefu. Nje nilisikia jembe linaanza tena. Yule mwenzake alikuwa akimalizia mtaro peke yake, huku analia.

Tulimleta kwetu Donholm. Nikamwacha Zakaria naye, nikarudi ofisini kungojea simu ya Msimamizi. Alipiga jioni kutoka Kitale. Alisikitika kweli, nilimsikia akivuta pumzi. Lakini nilipomwambia kuhusu Jumamosi alisema kijana angojee mpaka yeye arudi Ijumaa, wazungumze, ndipo iamuliwe.

Nikamwambia kwamba Ijumaa itakuwa imechelewa, safari ni ya siku mbili na zaidi.

"Mama Kisia," alisema, "nimekabidhiwa mtoto wa watu. Avuke mpaka peke yake, akili imevurugika hivyo? Likimpata la kumpata nitamjibu nini baba yake? Abaki mpaka nirudi." Kisha laini ikakatika.

Nilivuka Outer Ring Road nikiwa nimeibeba ofisi kichwani, makubaliano au hakuna makubaliano. Ambakisye alikuwa amelala chumba cha watoto. Nilimweleza Zakaria kila kitu jikoni, nikamwuliza tufanye nini. Nawaambia ukweli, jioni ile nilimtaka awe yule mwanamume wa zamani, mwenye kukata shauri, nami niseme baadaye kwamba ni yeye aliyesema. Katika kazi yangu yote sikuwa nimewahi kupeleka karatasi popote bila saini ya mkubwa wangu.

Alikataa. "Hili si la nyumbani," alisema. "Hili ni la ofisi, na ofisini wewe ndiye mkubwa. Ukisema abaki, nitakaa naye. Ukisema aende, nitampeleka hadi Namanga, avuke mpaka huku nikimwona kwa macho. Lakini kusema, sema wewe."

Nilimwendea kijana. Hakuwa amelala. Nilimwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Siku nilipokuja huku, mama alinisindikiza mpaka stendi," alisema. "Baba hakutoka ndani. Kama sitaenda kumzika, sitarudi kule tena maisha yangu yote. Najijua."

Hilo ndilo lililoamua. Msimamizi alihofia mtoto apotee njiani. Mimi niliona anaweza kupotea akiwa amekaa salama kabisa kwenye kitanda cha Donholm.

Asubuhi ya Jumatano nilikwenda ofisi ya uhamiaji mjini, kwa sababu pasipoti ya Ambakisye ilikuwa kule pamoja na nyingine tulizozipeleka kuongezewa muda. Hapa ndipo kazi ya miaka inapolipa. Sikwenda kuomba kwa machozi. Nilikwenda na nakala ya barua yetu ya maombi, namba ya risiti yao, na ombi jipya nililokwisha kupiga taipu, la kurudishiwa pasipoti moja kwa sababu ya msiba. Ofisa, kijana wa rika la mwanangu, alisoma, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia mimi ni sekretari tu. Akaniambia, "Kaa hapo, Mama," akapanda juu mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi hadi mchana. Aliposhuka alikuwa nayo mkononi, akanipa pole nimpelekee kijana.

Mchana huo nilipiga simu Kitale mara nyingi nisimpate Msimamizi. Nilimpata mchungaji wa Arusha, akaahidi kumngoja Ambakisye upande wa pili wa Namanga, amlaze kwake, na kesho yake amtie kwenye basi la Mbeya pamoja na muumini aliyekuwa akisafiri. Sikutaka mtoto wa watu avuke mpaka peke yake. Katika hilo Msimamizi alikuwa na haki kabisa.

Alhamisi Zakaria na Ambakisye walipanda basi. Nilimvisha kijana koti la mwanangu kwa sababu Mbeya kuna baridi. Kisha nikaenda ofisini, nikakaa kwenye meza kubwa, nikapiga taipu barua ya kujiuzulu. Niliirudia mpaka isiwe na kosa hata moja. Jioni Zakaria alirudi akiwa mweupe kwa vumbi la Kajiado. Alisema kijana alivuka, akageuka akapunga mkono, mchungaji akamshika bega.

Msimamizi aliingia Ijumaa adhuhuri, mkoba bado mkononi.

"Ambakisye yuko wapi?"

"Yuko njiani kwenda kumzika mama yake, Msimamizi. Ni mimi niliyemruhusu. Barua yangu iko juu ya meza yako."

Aliingia chumbani mwake akafunga mlango. Zakaria alikuja akasimama kando ya meza yangu. Baada ya muda Msimamizi alituita wote wawili. Barua ilikuwa mbele yake, na kalamu nyekundu kando yake. Aliuliza kijana amevukaje, na nani alimpokea, na nani yuko naye sasa. Nilimweleza hatua kwa hatua, tangu Zakaria alivyompa kijana habari kule Mathare. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekasirika, Mama Kisia," alisema. "Nitaendelea kukasirika hadi Jumapili. Jumatatu nataka uniandikie utaratibu mpya kuhusu mmisionari aliyefiwa. Nani anamwambia, nani anamsindikiza, nani anaweza kutia saini mimi nikiwa mbali. Yote uliyoyafanya wiki hii, yaandike, ili siku nyingine mtu asilazimike kunivunjia amri." Akafungua droo, akatia barua yangu ndani, akaifunga. Akamgeukia Zakaria. "Na wewe, Mzee, umwambie jinsi ya kuandika ile sehemu ya kumwambia aliyefiwa."

Utaratibu huo tuliuandika pamoja, Zakaria na mimi. Yeye alisema, mimi nikaandika kwa hatimkato. Sehemu yake ilikuwa mistari michache: mketishe, kaa kando yake, litaje neno lenyewe mapema, kisha usiondoke. Nilimwuliza kama ana la kuongeza. Akasema hapana, kwa sababu watu wakiambiwa maneno mengi watayasema.

Wiki zikapita bila habari kutoka Kyela. Msimamizi hakuniuliza, ila kila Jumatatu alipita mezani pangu taratibu kuliko ilivyohitajika. Nilianza kuogopa kwamba nimempoteza kijana kwa njia nyingine, kwamba baba amemshika abaki shambani, na pengine hiyo ilikuwa haki yake. Nafasi yake Mathare alipewa mwingine.

Kisha asubuhi moja, saa ya chai, nilisikia mlangoni, "Shikamoo mama," na Zakaria akaangusha mkate. Ambakisye alikuwa amekonda, amevaa koti la mwanangu. Nyuma yake alisimama mzee mwenye mabega mapana, amebeba mfuko wa mchele begani. Tulijua ni nani kabla ya kuambiwa.

Mzee yule aliutua mchele, akatuamkia, akakaa alipoonyeshwa. Alisema amekuja kuwaona watu waliomrudisha mwanawe. "Nilimwambia asihesabu kwamba ana kwao," alisema, bila kututazama. "Nilipomwona anashuka kwenye gari siku ile ya maziko, sikuweza kusimama. Amekaa nami tumevuna pamoja. Sasa amalize kazi aliyoianza. Halafu arudi nyumbani."

Msimamizi alitoka chumbani mwake akampa mkono, akaushika muda mrefu. Mchele ule wa Kyela niliupika pale ofisini, kwenye jiko la nyumba ambalo Zakaria alikuwa ametoka kulitengeneza, na vijana wote waliopita siku ile walikula. Unanukia, mchele ule, hata kabla haujaiva.

Ambakisye alimaliza miaka yake miwili. Nasi tulimaliza yetu, wakati kompyuta ya kwanza ilipoletwa na wanandoa vijana kuliko sisi wakaja kujifunza. Taipureta niliiacha pale. Waliniuliza kama naitaka, nikasema hapana, nimepiga ya kutosha.

Vijana wanaoanza kazi huniuliza kazi nzuri ni ipi. Mimi huwaambia wajifunze utaratibu vizuri, wautii kwa miaka, mpaka waujue ulitungwa kumlinda nani. Siku utaratibu huo ukimwacha nje mtu huyohuyo uliotungwa kumlinda, watajua la kufanya, na watakuwa tayari kuweka barua yao mezani. Na walio na wenzi wao nawaambia: muulize mwenzako kazini kwake kulikuwaje leo, na akinyamaza, kaa.

Tupo Donholm bado. Watu wa mtaa wamekuja kujua habari za Zakaria, sijui nani aliwaambia. Mwezi uliopita kijana wa jirani alifia safarini Eldoret, na ndugu zake wakaja kwetu asubuhi kumwomba Mzee aende kwa mama wa kijana. Aliwaitikia, akaanza kutafuta viatu vyake. Nami nikavaa vyangu. Hakuniuliza naenda wapi. Alinisubiri mlangoni mpaka nikamaliza kufunga kamba, kisha tukaenda.